Maswali Yenu ya Macho: Kabla Hujamwita Mzembe

Barua za mwezi huu ni nyingi, na zaidi ya nusu zimetoka kwa wazazi walioshtushwa na ripoti za shule. Nimechagua tano, nimezifupisha na kuondoa majina. Moja haistahili kukaa foleni, kwa hiyo naanza nayo.

*Binti yangu ana mwaka mmoja na nusu. Tukimpiga picha usiku kwa simu, jicho moja linatoka jekundu kama ya watu wengine, la pili linang'aa jeupe kama la paka. Hata mchana, ukimtazama kwa upande, weupe huo unaonekana. Halii, anacheza kama kawaida. Mama yangu anasema tusubiri akue. – Baba, Kahama*

Ndugu yangu, usisubiri. Ukisoma haya leo, kesho asubuhi uwe njiani. Mboni nyeupe kwa mtoto mdogo yaweza kuwa mtoto wa jicho, na yaweza kuwa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwanzoni haiumi, ndiyo maana anacheza. Ikiwahiwa hutibika, na mara nyingine hata jicho lenyewe huokolewa. Ikicheleweshwa hufuata mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Na hata kama ni mtoto wa jicho tu, kila mwezi unaopita bila matibabu ubongo wa binti yako unazidi kukosa mafunzo ya kulitumia jicho hilo. Kwako Kahama, nenda hospitali ya rufaa ya Bugando pale Mwanza. Usipitie duka la dawa. Na picha ile usiifute: mwonyeshe daktari, itamsaidia kukuelewa haraka kuliko maelezo yoyote.

*Shikamoo mtaalamu. Mwanangu yuko Darasa la Nne. Mpaka la pili hakuwahi kutoka kwenye kumi bora, sasa amekuwa wa 71 kati ya 84. Mwalimu anasema ni mzembe na anaangalizia: wenzake wakinakili ubaoni, shingo yake iko kwenye daftari la jirani. Amechapwa mara mbili kwa hilo. Cha ajabu, hesabu za kichwa anajibu vizuri, za ubaoni anakosa karibu zote. Nyumbani kitabu anakishika karibu na pua. Baba yake anataka tumhamishe shule. Yawezekana ni macho, wakati hajawahi kulalamika hata siku moja? Nyongeza: mdogo wake wa kike, miaka minne, ana makengeza kidogo. Wanasema yatanyooka yenyewe. – Mama, Manyoni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye mstari mmoja: za kichwa anajibu, za ubaoni anakosa. Hesabu ni zile zile na kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni mlango zinapoingilia. Mwalimu akizitamka, zinaingia sikioni zikiwa nzima. Akiziandika, zinamfikia zimefifia: 3 imegeuka 8, alama ya kutoa imepotea, naye anajibu kwa usahihi kabisa swali ambalo hakuulizwa. Huko kuangalizia nako kunaeleweka. Mtoto ambaye ubao kwake ni ukungu hana ubao mwingine isipokuwa daftari la jirani. Alikuwa akilitafuta somo, akachapwa kwa kulitafuta.

Unauliza mbona hajalalamika. Nina miaka 19 katika kazi hii, na watoto walioletwa kwangu kwa sababu wao wenyewe walisema "sioni" nawahesabu kwa vidole. Mtoto hana macho mengine ya kulinganisha na yake. Anaamini darasa zima linaona ukungu ule ule, ila wenzake wana akili ya kuusoma na yeye hana. Hapo ndipo panaponiuma. Hofu yangu ni kwamba mwanao, hata kabla mwalimu hajamwita mzembe, alikuwa amekwisha kujiita mjinga kimoyomoyo.

Kwa dalili ulizotaja nadhani haoni mbali. Jicho lake limerefuka kuliko kawaida, kwa hiyo picha ya vitu vya mbali haifiki sawasawa kwenye retina, ile ngozi laini ya nyuma inayopokea mwanga. Mara nyingi hali hii hujitokeza mtoto akiwa tayari yuko shule ya msingi, mwili unaporefuka, na ndiyo maana alianza vizuri kisha akaporomoka. Lakini dhana ya kwenye barua si kipimo. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye kitengo cha macho.

Ukifika, omba apimwe kwa matone ya kulegeza misuli ya jicho. Nakuomba hivyo kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimpima binti wa miaka tisa haraka haraka, foleni imefika mlangoni, bila matone. Jicho la mtoto lina msuli wenye nguvu sana. Wakati wa kupimwa hujikaza lenyewe na kuitoa namba ya uongo. Nikamwandikia miwani ya kuonea mbali. Wiki ya tatu baba yake akarudi nayo mkononi: akiivaa kichwa kinamuuma, na darasani ameshuka zaidi. Nilipompima upya kwa matone nikakuta kinyume. Tatizo lake lilikuwa la kuona karibu, nami nilikuwa nimemwongezea mzigo kwa wiki tatu. Nilimwomba radhi yeye na baba yake palepale. Tangu siku hiyo simwandikii mtoto miwani ya kwanza bila matone, hata foleni ifike barabarani. Ila usimpeleke siku ya kuamkia mtihani: baada ya matone maandishi ya karibu hufifia na mwanga humchoma macho kwa siku nzima, na yako matone ambayo hukaa hata wiki.

Akiandikiwa miwani, chagua lenzi za plastiki, kwa kuwa za kioo zikivunjika uwanjani zinaweza kumjeruhi. Fremu aichague yeye, maana ndiye atakayeivaa. Kisha apimwe tena kila mwaka.

Je, atarudi kumi bora? Nafasi siwezi kukuahidi. Ninachojua ni hiki: mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa katika shule za msingi 252 za China magharibi, kwa watoto wa darasa la nne na la tano. Waliohitaji miwani katika shule fulani walipewa bure. Wa shule nyingine walipewa karatasi ya vipimo tu. Mwisho wa mwaka wa shule waliopewa miwani walikuwa wamewapita wenzao katika hesabu, ingawa wengi hawakuivaa kila siku. Sikumbuki dawa ya nidhamu iliyowahi kufanya hivyo.

Mwambie baba asimhamishe kwanza. Atahama na macho yale yale. Badala yake mwende wote wawili kwa mwalimu, kwa upole, mumweleze habari ya hesabu za kichwa. Yeye pia ana watoto 84 mbele yake. Mwombeni amkalishe mbele kuanzia kesho, bila kusubiri miwani.

Sasa mdogo wake. Umemtaja mwishoni kama nyongeza, na ndiye aliyenitia hofu zaidi. Kaka yake hata akipata miwani mwakani ataona. Atakuwa amepoteza mwaka wa masomo, nao ni mkubwa, lakini unafidika. Huyu anaweza kupoteza uoni wa jicho. Jicho likikaa upande, ubongo unapokea picha mbili zisizolingana, na ili kuondoa mkanganyiko unaamua kuipuuza picha ya jicho lililopinda. Likipuuzwa miaka mingi linakuwa jicho vivu: ukilitazama halina doa wala kovu, lakini hata kwa miwani halioni vizuri. Njia ya kulirudisha iko wazi zaidi kabla ya miaka saba au minane. Huweza kuwa miwani tu, au kuliziba jicho lenye nguvu kwa saa chache kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, na kwa wengine upasuaji wa misuli. Makengeza ya kuja na kuondoka kwa mtoto wa wiki chache huisha. Ya miaka minne hayanyooki kwa kungojwa. Wapeleke wote wawili siku moja. Nauli ikitosha mmoja, atangulie mdogo.

*Mimi ni babu wa wajukuu saba. Mmoja, miaka kumi na moja, amevalishwa miwani na wazazi wake huko mjini, kisha wakamleta kwangu likizo. Nimeiweka kabatini. Najua mtoto akizoea miwani macho hulegea, na kila mwaka watamwongezea namba. Sisi tulikula mchicha na karoti, tukaona mpaka uzeeni. Si afadhali ale vizuri na kunyang'anywa simu? – Babu, Kondoa*

Shikamoo babu. Nakujibu kwa heshima, na nina ombi moja kabla ya yote: jioni hii fungua kabati.

Kuhusu mboga umesema kweli, na watu wazima wenye kusema hivyo tunawahitaji. Mchicha, matembele, kisamvu, papai, embe, viazi lishe na maini vina vitamini A au vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa huanza kutoona gizani, kisha kioo cha mbele cha jicho hukauka na kupata vidonda, na surua ikimkuta katika hali hiyo anaweza kupofuka. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Lakini karoti haina njia ya kulifupisha jicho lililokwisha kurefuka. Mjukuu wako anaweza kula bustani nzima na bado asiuone ubao.

Namba itaongezeka, hilo nalo ni kweli. Itaongezeka kwa sababu mtoto anakua na jicho linakua naye. Kila mwaka unamnunulia viatu vikubwa zaidi, na hujawahi kusema viatu ndivyo vinavyomkuza miguu. Miwani haimlegezi jicho. Akiikosa, jicho litaendelea kurefuka vilevile, ila yeye atakuwa haoni.

Kwenye simu uko karibu na ukweli kuliko wazazi wengi wa mjini. Kukaa ndani kutwa huku macho yako kwenye kitu cha karibu kunachangia. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2015: shule zilizoongezewa, asilimia 30 hivi ya watoto walipata tatizo la kutoona mbali; zile ambazo hazikuongezewa, karibu 40. Mwanga wa nje ndio unaodhaniwa kuwa dawa yenyewe. Kwa hiyo mchukue mjukuu wako shambani, mchungeni mbuzi, akae nje saa mbili kwa siku au zaidi. Ila aende na miwani yake.

Nikusimulie la mwaka jana. Mvulana wa umri kama wa mjukuu wako alivaa miwani ya kwanza mbele yangu. Bibi yake alikuwa benchi la ng'ambo ya ukumbi, amejitanda kanga. Mtoto akasimama akatulia, kisha akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, maneno ya kanga ile. Bibi akainua uso, hakuelewa ni nani anayesoma. Maandishi yenyewe mtoto aliyajua siku zote, maana ameyafua na kuyaanika. Asichokijua ni kwamba watu huweza kuyasoma wakiwa wamekaa kule.

Na hili la kabati si la kwako peke yako. Utafiti uliofanywa katika sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba baada ya miezi mitatu, wanafunzi waliopewa miwani bure ambao bado waliitumia au walikuwa nayo shuleni hawakufika nusu. Kwa walioambiwa wakainunue, ilikuwa robo hivi. Ninapowauliza watoto wangu miwani imekwenda wapi, husikia mambo yale yale: wenzangu wananiita macho manne, bibi kasema itaniharibu macho. Mtoto anaweza kuwavumilia wenzake. Neno la babu ni zito kuliko hapo. Ukiitoa wewe mwenyewe, ukaipangusa na kumvisha, hakuna atakayemvua.

*Macho ya mwanangu (miaka saba) yanawasha mwaka wa pili sasa. Mekundu, na sehemu nyeupe imekuwa ya udongoudongo. Matone ya dukani yanamtuliza siku mbili, nanunua tena. Shule inamrudisha nyumbani ikidhani ni macho mekundu ya kuambukiza. – Mama, Iringa*

Dada, kichukue kichupa usome jina. Ukikuta deksamethasoni au prednisoloni, umekuwa ukimpa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Inatuliza haraka kweli, lakini ikitumika miezi bila kusimamiwa hupandisha presha ya jicho kimyakimya na huleta mtoto wa jicho. Presha ya namna hiyo mara nyingi haiumi. Inakula uoni kuanzia pembeni, na uoni uliopotea haurudi. Wiki hii nenda hospitali yenye kitengo cha macho, na kichupa mkononi, mtoto apimwe presha hiyo. Maelezo yako yanafanana na mzio, yaani aleji, nao una dawa nyingine salama zaidi za kutumia muda mrefu. Kwa sasa kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, kunawa uso akitoka kwenye vumbi, na asisugue. Maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo: visiingie jichoni kamwe, nimeona vioo vya mbele vya macho vilivyotoboka kwa vitu hivyo. Daktari akithibitisha ni mzio, omba akuandikie barua ya shule. Mzio hauambukizi, na mtoto anayerudishwa nyumbani kila macho yakiwasha ataishia kukosa nusu ya mwaka.

*Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili, wanafunzi 96, ubao umefifia, kifaa sina. Naanzia wapi? Nina pia mtoto mwenye ualbino. Nimemketisha mbele na bado anashindwa. Na yupo binti wa dawati la mwisho ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono. – Mwalimu, Iramba*

Mwalimu wangu, shikamoo kwa kazi hiyo. Huhitaji kujua ugonjwa. Unahitaji kujua nani ashindwaye kuona, basi.

Omba kitengo cha macho cha wilaya wakupe chati ya E, ile yenye herufi moja tu iliyogeuzwa pande nne. Mtoto hasomi chochote, anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anapimika. Pima kamba ya mita sita. Tundika chati nje, kwenye ukuta wenye mwanga mzuri bila jua kumchoma mtoto usoni. Wengine wakae mbali, vinginevyo watakariri. Jicho moja moja, lingine limezibwa kwa kiganja bila kukandamizwa. Hapo kwenye jicho moja moja usiruke: mtoto mwenye jicho moja bovu huishi kwa lile zima, na pasipo kuliziba hakuna atakayegundua. Mstari wa 6/12, yaani ule ambao jicho zima huuona kutoka mita kumi na mbili: asipopata E nne kati ya tano kwa jicho lolote, mwandike. Kisha toboa kadi kwa sindano nene, achungulie kupitia tundu hilo. Akiona vizuri zaidi, huenda miwani itamtosha. Lakini hata asipoona vizuri zaidi, apelekwe. Huenda ana jambo jingine. Kumi kwa siku wakati wa mapumziko, na wiki mbili hazipiti kabla darasa halijaisha.

Chati hii ina upofu wake. Asiyeona karibu anaweza kuishinda kwa urahisi. Huyo mtafute kwenye kusoma: anaruka mstari, macho yanatoa machozi, kichwa kinamuuma ikifika saa sita, hapendi kitabu lakini hadithi za kusimuliwa anazipenda.

Mzazi usimpe karatasi tu. Huko Trans Nzoia, Kenya, walimu walifundishwa kupima macho kwa simu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wazazi waliokumbushwa kwa ujumbe wa simu, sehemu ya watoto waliofikishwa hospitali ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya utaratibu wa zamani. Mpigie, kisha wiki ijayo mpigie tena.

Mtoto mwenye ualbino apimwe pia, lakini ujue miwani humsaidia kiasi, kwa kuwa sehemu ya retina inayoona vitu vidogo haikukamilika tangu tumboni. Mbele peke yake hakutoshi. Mwondoe kwenye mwanga wa dirisha, mruhusu avae kofia hata darasani, na ainuke kwenda ubaoni kila anapotaka bila kuomba ruhusa. Na usingoje mtihani wa kumaliza shule ya msingi kumweka kwenye orodha ya wenye uoni hafifu: NECTA, baraza la mitihani la taifa, huandaa mitihani yenye maandishi makubwa na kuwaongezea muda, ila shule lazima iwaandikishe hivyo.

Ubao upakwe rangi mkipata kopo. Mpaka hapo, kila unachokiandika kitamke kwa sauti, neno kwa neno, nambari kwa nambari.

Majina ukishayapata usiyasome mbele ya darasa. Na yule binti wa dawati la mwisho, kesho mapumziko, awe wa kwanza kwenye kamba.